Aliyejua Kiuno cha Binti kwa Inchi

"Kifua 32, kiuno 28, urefu 45. Jumamosi saa tisa unafuata gauni. Nitakuwepo."

Ujumbe ulikuwa huo tu. Binti wa kaka yangu, miaka kumi na sita, aliusoma mara tatu, kisha akanipa simu kama mtu anayekupa nyoka umshikie.

Mimi ni fundi cherehani. Gauni lile nilikuwa nalishona mimi.

"Shangazi, ni wewe tu uliyenipima," alisema.

Hakunishutumu. Ndiyo maana iliuma.

Wateja huniita Fundi Mdomo. Simwoni mtu nikamwacha bila utani. Nimeachika, nimevunjiwa kibanda mara mbili, nimeibiwa cherehani na mtu niliyemkaribisha chai. Nisingekuwa nacheka, saa hizi mngekuwa mmeshanisahau kaburini.

Sikujua kwamba dawa yangu inaweza kuwa sumu ya mwenzangu.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuja kujaribu gauni la mahafali. Mtoto mrefu, mwembamba, amependeza mpaka basi. Nikampiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa wangu na maneno haya: "Mlingoti tumepata, bado bendera."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao.

Wanafunzi wenzake wakaichukua. Ndani ya siku tatu hakuwa na jina tena, shule nzima ikawa inamwita Mlingoti. Huyu kambandika bendera kichwani pale pichani, yule kamchorea kunguru begani. Kisha ikaibuka akaunti isiyo na sura, inajiita Jicho. Hiyo haikuwa inatania. Ilikuwa inamwambia amevaa nini, amepita wapi.

Yote hayo niliyasikia siku ile ya ujumbe, tumekaa juu ya vipande vya vitambaa. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Ungenitania," akajibu.

Nilitazama chini. Fundi Mdomo, mdomo umekauka.

Nikausoma ule ujumbe upya, na hapo ndipo namba moja ikanikwama machoni.

Kiuno chake si 28. Ni 26. Mimi daftarini huongeza inchi mbili, "za kupumua," kama alivyonifundisha bibi mmoja aliyenipa ufundi. Mtaa mzima hakuna fundi mwingine anayeandika hivyo. Kwa hiyo aliyetuma ujumbe hakumpima mtoto. Alisoma daftari langu.

Na daftari langu halitoki mezani.

Nikafungua ile picha, nikaivuta kwa vidole. Nyuma ya kiwiko cha binti, daftari liko wazi. Jina lake. Namba yake ya simu. Vipimo. "Jumamosi, saa tisa." Maandishi makubwa kama ya kibao cha duka, maana macho yangu siku hizi hayanitii.

Nikaifuta mbio mbio.

"Umefuta ya kwako," binti akasema taratibu. "Waliokwisha kuihifadhi je?"

Tulimwambia kaka, tukamwambia mwalimu wake wa darasa. Kituoni askari alichukua maelezo, akatuonya tusifute ujumbe hata mmoja, na mtu yeyote akijitokeza tupige simu. Binti akaambiwa Jumamosi asikanyage dukani.

Jumamosi, saa nane na nusu, huyo hapo mlangoni.

Eti haogopi tena, atasindikizwa na rafiki yake, Faraja. Faraja ndiye nani? Msichana wa shule nyingine, naye amewahi kuchekwa hivyo hivyo. Kwa wiki mbili amekuwa akimtumia maneno ya kumtuliza, asubuhi na jioni. Uso kwa uso hawajaonana.

"Ni yeye peke yake ambaye hakunicheka, shangazi."

Ningebishia wapi, wakati kicheko cha kwanza kilikuwa changu? Nikamwingiza nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikamnong'oneza jirani yangu muuza viatu akae karibu na simu mkononi.

Saa tisa kamili akaingia mwanamume. Shati limepigwa pasi, ananukia sabuni, shikamoo yake imenyooka. Mimi nilikuwa nasubiri jambazi.

Akasema yeye ni baba yake Faraja. Mwanawe yuko garini, kateguka mguu, kamtuma amchukue rafiki yake.

Binti akatoka nyuma ya pazia akitabasamu. Wiki mbili sikuwa nimeliona lile tabasamu.

Yule bwana akamtazama kuanzia miguuni. Uso aliufikia mwisho. Sisi mafundi tunayajua macho yanayopima. 

"Mwandikie Faraja," nikamwambia binti, kwa sauti niliyoiazima sijui wapi. "Mwambie unakuja."

Akaandika.

Mfuko wa shati la yule bwana ukatetemeka.



"Mwandikie tena, mama."

Mfuko ukatetemeka tena.

"Ah, simu yake ninayo mimi," bwana akasema haraka. "Aliisahau nyumbani tangu asubuhi."

Tabasamu la binti likafa palepale. "Sasa hivi tu, kabla hujaingia, kaniandikia kwamba yuko garini, ananisubiri."

Bwana akageukia mlango. Muuza viatu alikuwa amesimama pale na buti moja la mchimbaji mkononi, simu sikioni, askari wakimsikiliza. Mimi nilishika mkasi mkubwa, ila mkisikia nilisimama kishujaa msiamini. Meza ndiyo iliyonisimamisha.

Garini hapakuwa na mtoto.

Askari walipofika na kuifungua simu ya yule bwana, Faraja alikuwamo.

Na Jicho alikuwamo. Simu ileile, mtu yuleyule. Kwa akaunti moja alimtia mtoto hofu, kwa nyingine akamfuta machozi, mpaka mtoto akamkimbilia yeye kumkimbia yeye.

Binti ni mzima, nashukuru. Ila haji tena dukani kwangu. Nilimwomba radhi mbele ya baba yake, akasema amenisamehe, na namwamini. Vipimo vyake siku hizi anachukua mama yake nyumbani.

Vijana, anayekutukana mtandaoni mnamjua ni adui. Mwogopeni zaidi anayewabembeleza na uso wake hamjawahi kuuona.

Na sisi watu wazima wenye midomo, tujiulize jambo moja: mtoto akifikwa na hofu, kwa nini aone ni afadhali kumweleza mgeni kuliko kutueleza sisi?