Kumfundisha Mbwa Kukimbiza Mfuko

Memsabu aliniambia asubuhi, mimi nikiwa nimepiga magoti nasugua sakafu ya baraza, tena kwa sauti ile ile ya kuagiza maziwa. Anarudi kwao Ulaya. Nyumba yake ya wageni hapo Galu ilikuwa tupu tangu ghasia za mwaka uliopita ziwafukuze watalii, na hoteli za jirani hali kadhalika. "Na mbwa?" nikauliza. Akasema huko anakokwenda kukaa hawaruhusu mbwa. Daktari wa mifugo atakuja Jumatatu ya wiki ijayo amdunge sindano ya mwisho. Hatasikia chochote.

Hatasikia chochote! Nilitamani kummwagia ile ndoo. Mbwa mwenyewe alikuwa teria, kijibwa cheupe chenye doa la kahawia jichoni, na kila nilipofua alikuja kulala juu ya kanga zangu. Mimi ni mtu wa bara, pwani ile sikuwa na mume wala mtoto, na kama mtu angeniambia kwamba nitakuja kumlilia mbwa, ningemcheka.

Nilianza kumwombea mbwa nafasi kwa mwenye nyumba wangu, Ukunda, nilikopanga chumba. Shikamoo mzee, marahaba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wallahi nakuheshimu. Lakini ua huu ndimo tunamoswali. Mbwa haingii."

Likabaki tumaini moja. Kulikuwa na mzungu mwenye shamba upande wa Msambweni, aliyefuga teria na kuwashindanisha kila Jumapili. Alifunga kitambaa kwenye kamba ndefu, kamba ikavutwa kwa gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, na mbwa wakakikimbiza kitambaa hadi mwisho wa uwanja. Memsabu akampigia simu. Jibu likawa fupi: mleteni Jumapili, akikimbiza namchukua, asipokimbiza sina kazi naye.

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, maana huyo mbwa ni mimi mwenyewe niliyemfundisha kutokimbiza. Alipokuwa mdogo aliua jogoo wa jirani, na jirani akaapa kumtilia sumu. Basi nikakaa naye miezi. Kuku akipita, "Wacha!" naye anakaa. Paka, wacha. Mbega akishuka mtini, wacha. Nikawa natamba mtaa mzima kwamba mbwa wangu ana adabu kuliko watoto wa watu. Adabu gani? Adabu ya kumpeleka kaburini.

Kila maji yalipokupwa nilishuka naye ufuoni, nimefunga kipande cha kanga kwenye kamba, nikakimbia pekupeku nikikiburura. Yeye alikaa kitako akinitazama. Nikirudi nikitweta, ananilamba mguu. Maweita waliofutwa hotelini walikuwa wakishinda ukutani hapo, basi wakapata sinema. "Mama, leo nani anamfundisha mwenziwe?" mmoja akapaza sauti.

"Nyamazeni!" nikawajibu. "Nyinyi mbona hamjakimbiza hata kazi?"

Papo hapo nikaona haya, kwa kuwa njaa yao ilikuwa njaa yangu.

Siku mbili zikaenda hivyo. Usingizi ulinikataa. Siku ya tatu upepo ukaleta mfuko wa nailoni, ukawa unabingirika mchangani ukichakacha. Masikio ya mbwa yakasimama. Akaruka hatua moja, mbili, na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Wacha!"

Akakaa.

Nikajipiga kofi la mdomo, la kweli. Kisha nikaketi pale pale nikalia kwa sauti kama niliyefiwa. Yule weita mwenye maneno akaja, akauokota mfuko na kuufunga kwenye kamba yangu. "Mama, kazi yako wewe ni kuziba mdomo," akasema. "Kuvuta nitavuta mimi." Nikajifunga kanga mdomoni. Akakimbia, mfuko ukachakacha nyuma yake, na mbwa akanitazama, akautazama, akanitazama tena. Sikusema neno. Akaenda! Tukarudia hivyo asubuhi na jioni mpaka Jumamosi, hata ikawa kunitazama hanitazami.

Jumapili sikwenda kanisani. Mwenye shamba aliukubali mfuko wetu, akaufunga kwenye kamba yake. Mbwa wengine walikuwa wanabweka kama wendawazimu. Nilimshika wangu kifuani nikasikia moyo wake unavyopiga. Gurudumu likazungushwa. Nikamwachia. Ya Rabi, alivyokimbia! Alifika wa tatu, lakini ndiye aliyeung'ang'ania mfuko kwa meno mpaka wakamnyanyua nao.

"Huyu anabaki," mwenye shamba akasema.

Nikashukuru kwa mikono miwili. Nikaomba niagane naye, lakini walikwisha kumpanga kwa raundi ya pili. Nikasogea hatua chache nyuma yake, nikamwita. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho mbele. Nikamwita tena, kwa ile sauti ya kumwitia chakula. Hata sikio halikugeuka. Mwenye shamba akacheka, akaniambia nimefanya kazi nzuri sana.

Nikashika njia ya getini. Nilipofika nikamsikia akibweka, ile sauti yake hasa, nikageuka mbio huku nimeshainyosha mikono.

Alikuwa anaubwekea mfuko.