Asilimia Mia ya Dawa

Katika maisha yangu nimefanya utafiti mmoja tu wa takwimu, na ulitoa asilimia mia. Niliufanya Kisangani mwaka wa uasi, nikiwa mwalimu wa hesabu huko mtaa wa Kabondo, msichana mwenye mdomo kuliko akili.

Wapiganaji walioshika mji walikuwa na dawa. Mganga akikunyunyizia maji yake, risasi haikupati, mradi ushike masharti, na sharti kubwa lilikuwa kutoguswa na mwanamke. Kamanda wao aliwahi kuwa karani, kwa hiyo alipenda karatasi. Siku moja aliingia darasani mwangu akitaka namba. Watu wa Kabondo walikuwa wanasitasita kujiunga, na alitaka niwaulize wapiganaji waliorudi kutoka vitani kama dawa inafanya kazi, kisha nitoe asilimia.

Niliwauliza arobaini, nikiwa nyuma ya madawati matatu nisije nikamgusa mmoja kwa bahati mbaya. Wote arobaini walisema inafanya kazi.

"Na wale wenye hawakurudi?" nilimuuliza kamanda.

"Wale walivunja masharti," alisema. "Mutu mwenye alivunja masharti hana dawa. Donc, hawezi kuingia mu hesabu."

Niliandika mia kwenye karatasi yake. Akaibandika ile asilimia mia kwenye mlango wa shule, na chini yake akaandika kwamba imethibitishwa na mwalimu.

Wa kwanza kuiamini alikuwa papa, baba yangu. Alikuwa fundi baiskeli, au kinga kama tunavyoziita kwetu, goti moja bovu, umri wa kukaa kitako na wajukuu, lakini yeye ndiye aliyenisomesha hizo namba na hakuwa tayari kuambiwa zinadanganya.

"Mia juu ya mia," alisema. "Njo kusema hakuna mwenye risasi inapata."

"Papa, niliuliza wazima tu. Ukiuliza kinga zenye zinapita mu barabara kama frein ya kusimamisha iko muzuri, ile yenye ilianguka mu mayi haitakujibu."

"Kinga haisemaka, mutoto yangu," alisema, akaenda kunyunyiziwa.

Asubuhi iliyofuata lori la kubebea mafuta ya mawese lilisimama mbele ya shule na watu kumi na wawili wa kwenda vitani wamekaa ukingoni mwake, miguu nje. Dereva alikuwa anabishana na injini. Papa alikuwa wa mwisho upande wangu, amejifunga majani kichwani, anaona haya kunitazama. Nikaenda moja kwa moja, nikamshika kifundo cha mguu mbele ya watu wote, na sikukiachia.

Kamanda aliamuru nichapwe. Wapiganaji wake wakatazamana. Wote walikuwa na dawa, hakuna aliyethubutu kunisogelea, na mganga naye alikumbuka ana shughuli mahali pengine. Mwishowe kamanda alimwambia papa, kwa heshima kabisa, "Shuka, papa. Umekwisha kuharibika."

Papa alishuka akichechemea. Lori likawaka, likaondoka na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wanafunzi wangu wa zamani.

Hakurudi hata mmoja. Baada ya wiki kamanda alinijia tena akitaka hesabu mpya. Nilimwambia hakuna wa kumuuliza.

"Bon," alisema. "Kuna mwenye alisema dawa haifanye kazi?"

"Hakuna."

"Alors, acha mia."

Papa aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakunisamehe. Kwa hesabu yake mwenyewe, nilimharibu yeye, naye alikuwa amekaa bega kwa bega na wenzake, kwa hiyo niliwaharibu wote kumi na mmoja. Nilimpikia, nilimuuguza, nilimzika, na mpaka mwisho alikuwa akiwasimulia wageni jambo hilo mbele yangu. Sikubishana naye. Mzee mzima yuko hai, anakula, anamlaumu bintiye, nilimwacha alaumu.

Kinachoniuma ni kingine. Dereva alihangaika na ile injini karibu nusu saa. Miguu ya wote ilikuwa inaning'inia pale, usawa wa mkono wangu, na hakuna aliyeweza kunizuia. Nilimshika papa peke yake.