Vitufe kwa Vidole vya Chai

Jumatatu, katika duka la vifaa vya umeme mjini Kisii, mbele ya foleni yetu, mama mmoja mchuma chai kutoka Nyacheki alikuwa akichagua kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani, zile zilizochezwa kwa mashine ya kuunganishwa na televisheni. Mbele yake vilikuwa viwili.

"Chukua hii, mama," mwenye duka akasema. "Kioo kipana, unagusa tu. Kijana wako atafurahi."

"Kijana gani? Ni yangu. Nikiwa msichana pale Marani, hakuna aliyenishinda gemu ya mbio za magari."

Akagusa kioo. Gari halikusogea. Akapangusa kidole kwenye leso, akagusa tena. Wapi!

"Chai imekula hivi vidole," akasema polepole. "Simu ya kugusa ilishanikataa. Sasa hata gemu?"

Mwenye duka akamsogezea kile kidogo, chenye vitufe vigumu. Mama akabonyeza. Gari likachomoka, likapinda, likayapita mengine yote. Sisi wa foleni tukasahau kulalamika.

"Nifungie hii," akaagiza, bila kuiachilia.

Tangu siku hiyo najiuliza: hao wanaotengeneza vioo vya kugusa, walivijaribu kwa mikono ya nani?