Nilikataa kikombe cha posa kwa sababu ya karata

Admin, ficha jina langu, maana hapa Bulembia hata mbwa wananijua. Nina miaka hamsini na mbili, watoto saba. Shule niliachia darasa la tano lakini kichwa yangu iko kama ya wakili. Tembo wa Kikorongo aliwahi kunipisha njia, dereva wa lori ni shahidi. Leo mwanaume huyo huyo aliyepishwa na tembo analia.

Kaka yangu alikufa akaniachia binti yake, tumwite Masika. Kwenye ukoo wetu baba mdogo ndiye anasemea nyumba. Siku ya posa kijana anapiga magoti na kuniletea kikombe cha pombe ya ndizi. Nikinywa, nimekubali. Nikigeuza uso, wageni wanarudi na mbuzi wao.

Wiki moja kabla, nilienda sokoni Bwera, mpakani, kwa mama mmoja wa Kongo anayesoma bahati za watu kwa karata za picha, nijue kijana anayemtaka Masika ni mtu gani. Akatoa moja: kijana juu ya farasi, ameshika kikombe mbele yake.

"Huyu ni mupanda farasi wa vikombe," akaanza.

Nikamkata. "Mama, picha nazisoma kuliko wewe. Huyu ni mlevi."

"Papa, ngoja nimalize."

Sikungoja.

Siku ya posa kijana alipiga magoti, kikombe mkononi, vile vile kama karata. Nikageuza uso. Wazee wakauliza sababu. Ningetaja karata mbele ya watu wa kanisa? Nikasema nilimkuta kule Ibanda amelala mtaroni, pombe kali ya waragi inamtoka puani, nikambeba mgongoni mpaka kwao. Nilivyoisimulia, hata mimi niliiona.

Kijana akasema polepole, "Baba, mimi pombe sijawahi kuonja." Mama yake akamwinua, wakaondoka na mbuzi wote.

Jumatatu nikarudi Bwera kujisifu. Yule mama akashika kichwa. "Papa, ile kikombe haiko ya kunywa yeye. Ni moyo wake anakuletea. Ni karata ya posa, ya mutu anapenda kweli. Ikitoka kichwa chini, hapo ndiyo mutu wa maneno tamu na uongo. Ya kijana ilitoka wima."

Sasa Masika ananisalimia bila kunitazama. Jana aliniuliza, "Baba mdogo, kule Ibanda ulimkuta siku gani?" Nikasema nimesahau. Akaendelea kuosha sahani.

Jumamosi hii watu wa kijana wanapeleka posa nyumba nyingine. Nikikiri, wazee watanitoa kwenye kiti cha msemaji, na hakuna atakayeniamini tena, hata yale ya kweli. Nikinyamaza, binti wa marehemu anakosa mtu aliyempenda, na kijana wa watu anabaki na jina la mlevi nililompa mimi.

Ndugu zangu, zimebaki siku tatu. Mliowahi kuharibu kwa mdomo mkatengeneza, mlianzia wapi? Niende kwa kijana kwanza, au kwa wazee, au kwa Masika? Mtanitukana baadaye. Kwanza niambieni.