Kiganja Juu ya Faida

Mhasibu wa chama cha akiba husoma ripoti ya kampuni kuanzia nyuma, na akifika penye faida huifunika kwa kiganja, isije ikamlainisha. Roselyne, mwenyekiti, ameshamzoea: miwani iliyoteremka puani, vidole vyenye weusi wa majani ya chai aliyochuma shambani kwake Ikonge asubuhi, mguno kila anapokutana na bei ya pikipiki. Hesabu yake ni ile ile ya bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani. Majirani huishangilia bonasi. Yeye hutoa kwanza mbolea na ujira wa wachumaji, ndipo aulize kilichobaki.

Jumamosi hii wanachama walitaka akiba yote inunue hisa za kampuni ya kusafirisha vifurushi. “Pesa imeingia, kweli,” alisema, kiganja bado kikiwa juu ya faida. “Lakini pikipiki mpya na malori yameikula. Kwa bei hii, kila shilingi mia tunayoweka, kampuni inabakiwa na nne tu. Hatifungani yetu, ule mkopo tulioipa serikali, inatupa kumi na mbili.”

Roselyne hakuridhika. “Mama Ronny, si kijana wako ndiye anawabebea hivyo vifurushi? Hata yeye humwamini?”

Mhasibu alichungulia dirishani. Ronny alikuwa nje, akipangusa matope kwenye pikipiki ya kampuni. “Yeye wanamlipa mshahara. Sisi watatulipa na nini?” Akachukua chupa ya chai, akatoka kumpelekea.

Roselyne akabaki na ripoti. Aliutazama mlango, kisha akaifunika faida kwa kiganja chake mwenyewe, akaanza kusoma.