Asubuhi ya Mama Mujibu

Ukiingia kanisani kwetu hapa Mnyambe siku ya Jumapili, utamkuta mjomba wangu Charles Mchopa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, pale wanapokaa kina mama wenye watoto wachanga. Wageni humdhania ni mtu aliyechelewa ibada. Sisi wenyeji tunajua kwamba benchi la mbele, upande wa kulia, lilikuwa la ukoo wake tangu babu yake alipobatizwa Masasi na wamisionari, akapanda huku juu Newala kuja kulima.

Wapo wanaosema alifukuzwa kwenye benchi lile. Si kweli. Alihama mwenyewe, na sababu yake ninaijua kuliko wengi kwa kuwa nilikuwamo.

Miaka saba iliyopita kanisa letu lilipata mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mjomba, aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyechaguliwa kuiendesha, na ndiye aliyetoa pendekezo lililopitishwa kuwa sheria: waanze wajane na wagonjwa, wawe Wakristo au Waislamu, kisha wengine wafuate, na mwendesha mashine awe wa mwisho. Tulimpigia makofi siku hiyo. Nilijivunia kuwa mpwa wake.

Asiyelima korosho hawezi kujua uzito wa asubuhi moja ya Julai. Mkorosho ukitoa maua, ugonjwa wa ubwiriunga unaliandama ua. Kwanza linapakwa kitu cheupe kama unga wa muhogo, halafu linageuka jeusi kama limebabuliwa na moto, na hapo huna korosho tena. Salfa ndiyo kinga, lakini haipulizwi saa yoyote. Umande uwe bado kwenye majani ili unga ushike, na upepo uwe umelala ili usiende kwa jirani. Ni tangu alfajiri mpaka jua linapoanza kuwaka, basi. Mashine moja, asubuhi moja, shamba moja.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha kilimo na stashahada yangu, nasubiri ajira, nikafanywa katibu wa kikundi cha mashine. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la zamu. Nilikuwa naongea sana. Kwenye mkutano wa vijana niliwahi kusimama nikasema kwamba mtu anayekula zamu ya mjane hana tofauti na anayekula nyama ya mtu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mjomba naye alipiga, tena kwa nguvu.

Sasa tatizo la mjomba lilikuwa gunia. Kila Novemba, Jumapili ya Mavuno, watu hupeleka mazao yao mbele ya altare, na gunia la kwanza la korosho lilibebwa siku zote na ukoo wa Mchopa: babu, kisha baba, kisha yeye. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, alitangulia mtu mwingine, Anderson, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Masasi. Gunia lake lilikuwa nene kuliko la mjomba. Nje ya kanisa Anderson akamtania mbele za watu, akimwita kwa jina la binti yake:

"Baba Queen, mwenye mashine! Mbona gunia lako limekonda hivyo? Salfa unaila nini?"

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka. Lakini mkewe, Cecilia, aliniambia kwamba siku ile hakula, na kwamba tangu hapo sala zake zikawa ndefu. Aliomba mvua, aliomba maua, aliomba "jina lako litukuzwe kupitia kazi ya mikono yangu." Ukisikiliza vizuri, jina alilokuwa analiombea halikuwa la Mungu.

Ikafika Julai ya mwaka juzi. Jumatano moja ilikuwa zamu ya Mama Mujibu. Huyu ni Sijaona, Mwislamu, mjane, jirani yake mjomba. Mwanawe Mujibu anaishi Tandahimba. Mama huyu ana mikorosho thelathini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Jumanne jioni mjomba alitembea shambani kwake, akakuta maua yamefunguka yote kwa pamoja, na upepo umelala kabisa. Zamu yake ilikuwa bado wiki mbili. Baadaye sana aliniambia alivyofanya usiku ule.

"Nilipiga magoti nikamwomba Mungu ruhusa," alisema. "Sikusubiri ajibu. Nikajijibu mwenyewe."

Jumatano saa mbili asubuhi alikuja kwangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Lete daftari. Andika mashine mbovu, plagi imekufa."

Nilimtazama. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia, ndivyo salfa inavyofanya, na nyusi zake zilikuwa za njano.

"Imekufa saa ngapi?"

"Imekufa, Chrispin. Andika."

"Na Mama Mujibu?"

"Nimeshampitia nimemwambia. Kesho naenda Masasi kufuata plagi nyingine."

"Mjomba, nyusi zako zina salfa."

Akajifuta kwa kiganja. "Ya juzi hiyo."

"Juzi hatukupuliza kwa mtu."

Mjomba akauliza taratibu, bila hasira, "Ada yako ya chuo ilitoka kwenye mikorosho gani?"

Mimi, msema kweli wa mkutano wa vijana, nilichukua kalamu nikaandika: *Jumatano. Sijaona. Haikufanyika. Mashine mbovu.* Nikaandika kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake alivaa koti lake la sikukuu, akapanda basi la Masasi. Alikwenda kweli. Chini ya milima ya mawe ya mji ule alinunua plagi mpya ya mashine isiyo na ubovu wowote, akarudi nayo jioni, kila mtu akamwona akishuka kituoni. Nimefikiri sana kuhusu safari ile. Safari nzima ya kwenda na kurudi ili uongo upate miguu ya kusimamia!

Ijumaa upepo ukaamka. Ulivuma siku nane, mchana na alfajiri, hakuna aliyeweza kupuliza. Ulipotulia, mikorosho ya Mama Mujibu ilikuwa imegeuka myeusi juu kote. Nilipita pale na baiskeli. Yeye alikuwa anafagia uwanja.

"Hujambo, katibu?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine imepona?"

"Imepona, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kufagia.

Novemba mikorosho ya mjomba ilizaa kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Jumapili ya Mavuno alivaa lile koti, akabeba gunia akisaidiwa na watu wawili, akatangulia. Anderson mwenyewe aliinua mikono kukubali. Kina mama wakapiga vigelegele, Padre Felix akatabasamu. Mjomba aliliweka gunia mbele ya altare, akabaki amesimama pembeni yake kidogo, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Ndipo Mama Mujibu akaingia. Hajawahi kuingia ndani ya kanisa. Waislamu wa hapa huja nje kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, tunanunua na kutaniana pamoja, basi. Alikuwa amejifunga mtandio wake vizuri, kichwani ana ungo. Alipita katikati mpaka mbele. Wimbo ukakatika wenyewe.

"Karibu, Mama Mujibu," akasema Padre Felix.

"Ahsante, Padre. Mnisamehe, mimi si wa humu. Ila mashine ya humu imenipulizia miaka mitano, sikutoa hata senti. Mwaka huu nikaambiwa inaumwa plagi. Mikorosho yangu imezaa mmoja tu, ule wa nyuma ya choo. Hizi ndizo zake. Zikasaidie plagi."

Akauweka ungo chini, kando ya gunia la mjomba. Korosho zenyewe hazikufunika hata nusu ya ungo.

Kanisa zima lilipiga makofi. Kuna waliotoa machozi. Mimi nilikuwa upande wa kwaya, na mikono yangu ilikataa kukutana. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta leso, na mkono haukutoka. Plagi ilikuwa humo, bado ndani ya kiboksi chake. Hakuwa amelivaa koti lile tangu safari ya Masasi.

Sijui mtu husimama hivyo kwa muda gani. Makofi yaliisha, Padre alikwisha kufungua kinywa ili aendelee, na mjomba bado ana mkono mfukoni. Angeweza kurudi kwenye benchi lake. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mimi, na mimi alikuwa amekwisha kuninunua. Kisha akatoa kile kiboksi kidogo, akainama, akakiweka ndani ya ungo juu ya korosho.

"Plagi hii hapa," alisema. "Haijafunguliwa. Mashine haikuumwa hata siku moja. Asubuhi ya Mama Mujibu niliichukua mimi, nikapuliza kwangu, nikamdanganya. Gunia hili ni maua yake."

"Baba Queen," Anderson akaita kwa sauti ya chini, "kaa chini. Mambo hayo utaungama kwa Padre, faraghani."

"Sifa nilizitaka hadharani," mjomba akamjibu. Akamgeukia Mama Mujibu, akapiga magoti palepale sakafuni, mtu wa miaka sitini. "Mama Mujibu, nimekukosea. Nimemkosea na Mungu, kwa sababu nilimwibia mjane halafu nikamletea yeye sehemu ya wizi."

Mama Mujibu alimtazama utosini.

"Nilijua," alisema.

Mjomba akainua uso.

"Mashine yenu ina kikohozi, Baba Queen. Inakohoa mara mbili ndipo inaunguruma. Mimi alfajiri ile nilikaa kizingitini na ndoo ya maji, nawasubiri. Nikaisikia inakohoa kwako. Ni plagi gani hiyo, iliyokufa kwangu ikapona kwako?"

Hakuna aliyecheka.

"Mbona hukusema, mama?" akauliza Padre Felix.

"Nimseme kwa nani? Daftari lao, mashine yao, kanisa lao. Na huyu jirani ana maneno mengi, angenishinda. Nikasema nitaipeleka sadaka ya plagi kwa mwenye nyumba, watajuana wenyewe." Akamgeukia mjomba. "Inuka, jirani. Nimekusamehe. Lakini gunia nalichukua, usidhani nitasema hapana. Chrispin, niitie bodaboda."

Nikatoka mbio kuita bodaboda. Niseme ukweli: nilishukuru kupata sababu ya kutoka.

Wiki ile mjomba alimpelekea Padre Felix mashine, funguo za stoo na barua ya kujiuzulu uzee wa kanisa. Padre alipokea funguo na barua. Mashine akamrudishia.

"Hii ukiiacha utakuwa umejipumzisha," alimwambia. "Endelea kuibeba kila alfajiri kwenda kwa wengine, huku maua yako yanakutazama. Hapo ndipo utajifunza kusema mapenzi yako yatimizwe."

Benchi alihama bila kuambiwa na mtu.

Julai iliyofuata nilimpima, na sijui kama nilifanya vile kwa wema au kwa kutaka aanguke tena ili nisiwe peke yangu. Palikuwa na asubuhi tulivu kabisa, zamu ya bibi mmoja anayeitwa Yasmini, aliyekuwa amelazwa hospitali. Maua ya mjomba yalikuwa yamefunguka.

"Mjomba, leo puliza kwako. Mwenyewe hayupo, nani atalalamika?"

Alikuwa anajaza salfa. Hakuniangalia.

"Bibi ndiye aliyelazwa. Mikorosho yake haijalazwa."

Tukaenda kwa Yasmini. Upepo ulianza siku tatu kabla ya zamu ya mjomba, na nusu ya maua yake yakaungua. Novemba alipeleka altareni ungo mmoja, tena alipanga foleni nyuma ya watoto wa shule ya Jumapili. Nilipomuuliza kama ameshaizoea hali hiyo, alitikisa kichwa.

"Tamaa haijafa, mpwa wangu. Kila nikiamka nikasikia upepo umelala, miguu inaelekea kwangu. Ninaigeuza. Kesho yake inaelekea kwangu tena."

Watu siku hizi wanamsifu kwa unyenyekevu. Mimi sifa hizo zinanichoma. Siku ile mbele ya altare mjomba alisema "mimi" kila mara. Nilichukua mimi, nilidanganya mimi. Hakuna mahali aliposema "sisi." Daftari lilikuwa mikononi mwangu, mwandiko ni wangu, nami niliona njano kwenye nyusi zake kabla wino haujakauka. Alinifunika, nami nikakubali kufunikwa. Mikutano miwili ya vijana ikapita nimesimama nikihubiri juu ya viongozi wala rushwa, sauti imepanda, na watu wakapiga makofi, huku yeye amekaa karibu na mlango ananisikiliza bila kukunja uso.

Mwezi uliopita, Julai tena, ilikuwa zamu ya Mama Mujibu. Tulifika giza linaanza kufifia. Alikuwa kizingitini na ndoo yake ya maji ya kunawa macho. Mjomba alikwenda mbele na mashine mgongoni. Nilibaki nyuma na mfuko wa salfa, nikauweka chini.

"Mama Mujibu, daftari la mwaka ule niliandika mimi. Nilijua mashine ni nzima. Nikaandika mbovu."

Kule shambani mashine ilikohoa mara ya kwanza.

"Miaka miwili," alisema hatimaye, "nakuona unapita hapa na baiskeli, shikamoo yako inakimbia kuliko magurudumu. Nikajua kuna kitu." Mashine ikakohoa mara ya pili, ikaunguruma. "Na kanisani utasema?"

"Jumapili hii."

"Mbele ya hao wanaokupigia makofi?"

"Mbele yao, mama."

"Haya. Beba huo mfuko, umande unakauka."