Kisima Kilichobaki Jina

Kijana wa pikipiki aliniuliza ananishusha wapi, nikamwambia Ku Kisima, kule Rwambuzi. Hakuuliza mara ya pili. Hakuna dereva wa moto, kama tunavyoziita pikipiki, mjini Bunia asiyejua Ku Kisima. Tulipofika nikashuka na kifurushi changu, nguo zote nyekundu kwa vumbi la barabara ya Mambasa, nikasimama kulitazama bonde ambalo nililijua kuliko nilivyojua darasa langu.

"Kisima yenyewe iko wapi?" nikamuuliza, kwa kumchokoza tu.

"Mama, ile iko jina tu," akajibu. "Miye nilizaliwa hapa, sikuonaka hata tone ya mayi."

Akawasha pikipiki akaenda zake. Mimi nikabaki pale nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Basi ngoja nikupe wewe, rafiki yangu, kwa sababu nawe huenda una kisima chako mahali fulani.

Bibi yangu, mama yake mama, tulimwita koko kama watoto wengi wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Hakuna mtu aliyempa ulinzi wa kisima kile. Alijipa mwenyewe, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na kwa kuwa alipenda kuamrisha. Maji yalitoka kwenye ubavu wa kilima, yakapita ndani ya mwanzi alioukata na kuuchomeka mwenyewe, yakaangukia juu ya jiwe pana. Sauti ya maji yakianguka juu ya lile jiwe ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi, pamoja na sauti za wanawake wakigombania zamu na bidoni zao za kutekea zikigongana. Chini ya jiwe yalianza matete, mazito hata kuku akiingia humo tulimsahau. Chini ya matete palikuwa na bustani ya koko: lengalenga, matembele, na magimbi yenye majani tuliyojifunika mvua ikitukuta njiani.

Sheria zake zilijulikana na kila mtu. Sabuni haivuki jiwe. Matete hayakatwi, hata na mtu anayejenga zizi la mbuzi. Ndoo ya mjamzito haipangi foleni. Na kando ya mwanzi, juu ya kijiti, ilining'inia kata ya kibuyu, kwa ajili ya mpita njia yeyote aliyeshikwa na kiu. Ile kata iliibwa mara nyingi sana. Mimi nilikasirika kila mara, nikataka wezi watafutwe, lakini koko alipasua kibuyu kingine, akakikausha juani, akakitundika.

"Acha waibe," alisema. "Wakiiba kata, ni sababu wanakuya hapa."

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Watu walikuja na majembe na fagio kusafisha mfereji, na koko alisimama juu ya jiwe akiwaelekeza hata wanaume wazee kuliko yeye. Baadaye watoto tulikula kwake: bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Tchomia, kule ziwani, waliokaushwa kwa moshi. Siku hizo samaki mmoja wa Tchomia alijaza sufuria, kichwa upande huu na mkia upande ule. Hao ninaowaona sasa sokoni, wadogo kama vidole, koko angewarudisha ziwani wakakue kwanza.

Halafu mji ukaanza kukua. Watu walishuka kutoka vijiji vya Djugu wakikimbia vita, wakiwa na magodoro vichwani na watoto migongoni, na kila aliyefika alihitaji mahali pa kulala. Wengine walikuja kwa biashara na kazi. Wote walitaka nyumba, na nyumba inataka matofali, na udongo mzuri wa matofali uko bondeni, penye maji. Wafyatuaji wakaanza chini kabisa ya bonde, wakapanda kidogo kidogo. Walichimba mashimo, wakafyatua, wakapanga tanuru, wakachoma kwa kuni siku kadhaa mfululizo, na moshi ule ukaingia hadi kwenye nguo zetu za shule. Nyuma yao yalibaki madimbwi ya maji ya kahawia yasiyokwenda popote. Vyura ndio pekee waliofurahi, tena kwa muda tu.

Sitaki nikufanye uwachukie wafyatuaji. Nyumba ya koko yenyewe ilikuwa ya matofali yao, na alijivunia sana kutoka kwenye nyumba ya udongo na majani akaingia kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mabati. Alipowatukana wafyatuaji alikuwa ameegemea ukuta waliomtengenezea. Wao walicheka, naye pia alicheka, lakini jioni alikwenda kupima kwa macho umbali uliobaki kati ya shimo lao la mwisho na matete yake.

Siku moja akarudi sokoni na miche ya mikalitusi ndani ya kikapu.

Hapa lazima nikueleze jambo moja la kwetu. Ukitaka kujua ardhi ni ya nani, huulizi karatasi kwanza. Unaangalia nani amepanda miti. Mahali penye mkalitusi uliopandwa kwa mstari pana mwenyewe, na hata mtu mkorofi hupita kando. Penye matete tu ni porini, ni pa mtu yeyote. Koko alilijua hilo, na wafyatuaji walilijua pia. Basi akaamua kukizungushia kisima miti, apafanye pawe na wenyewe. Salongo ya wiki ile hatukusafisha mfereji, tulipanda. Kila mtoto wa mtaa alipewa mche wake, na mzazi wake akasimama kushuhudia. Mwalimu wetu alikuja akatupongeza, akasema ndivyo mji wa kisasa unavyofanya. Mche wangu ulikuwa wa kwanza kulia ukitokea juu, karibu na wa koko.

Kiangazi kilipokuja tuliimwagilia. Tuliimwagilia kwa maji ya kisima, kwa ile kata ya kibuyu, mchana na jioni, na tulishindana nani mche wake utamzidi urefu kwanza.

Na dawa ile ya miti ikafanya kazi! Wafyatuaji walifika hadi kwenye mstari wa kwanza, wakasimama, wakageuza majembe wakaenda ng'ambo ya bonde. Koko alipika siku ile kana kwamba ni Noeli. Miti ikapanda haraka, ikatupita mabega, ikatupita vichwa. Baada ya mvua ilinukia vizuri, na ndege ambao hatukuwahi kuwaona wakaja kulala humo. Tulikuwa na furaha, nakuambia, na tulikuwa na haki ya kuwa na furaha.

Maji hayakukauka ghafla. Kwanza bidoni ilichelewa kujaa. Halafu ile sauti juu ya jiwe ikapungua, hata ikabidi usimame karibu kuisikia. Koko alishuku kila mtu: mama jirani kwa sabuni, vijana kwa kuchokonoa mwanzi, hata mtaa wa juu kwa kuchimba vyoo. Magimbi yakanyauka, matete yakawa ya manjano. Kila aliyeshukiwa alijibu, na kisima kilichokuwa cha salamu kikawa cha ugomvi.

Mwishowe akauchomoa mwanzi ili ausafishe. Nilikuwepo. Ndani yake ilitoka mizizi, myembamba kama nywele, imesokotana imejaa mwanzi mzima kutoka mwisho hadi mwisho. Koko akaivuta yote, akaiweka juu ya jiwe, akaitazama, kisha akainua macho akatazama miti yetu jinsi ilivyokuwa mirefu. Akaketi chini.

"Nilifukuza wezi," akasema, "kumbe nilialika walevi."

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa mtoto. Yeye hakucheka.

Kesho yake akakata mkalitusi wake na wangu, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba mingine ikatwe. Hapo ndipo ile desturi aliyoitumia kama ukuta ilipomgeukia. Kila mti ulikuwa na mwenyewe, na huyo alikuwa amepewa mche na koko mwenyewe mbele ya mashahidi. "Koko, huyu muti iko ya mutoto wangu," walimwambia kwa heshima zote. Huyu alikuwa anangoja mti uwe nguzo za nyumba. Yule alikuwa ameshawaahidi wafyatuaji kuni za tanuru, kwani wafyatuaji walirudi, safari hii kwa mlango wa mbele na kwa maneno matamu. Koko alilia mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Walimhurumia, wakambembeleza, na hawakukata. Na ile miwili tuliyoikata ikachipua tena kwenye visiki, kila kimoja kikitoa fimbo nyingi badala ya shina moja.

Mwaka uliofuata mwanzi ulikuwa mkavu. Koko alikwenda akaitoa kata kwenye kijiti, akaitundika kwenye msumari jikoni kwake, na hapo ndipo ilipokaa hadi alipofariki, na hata baadaye. Miaka yote aliyobakiza alikunywa maji ya kununua. Alisema yana ladha ya bidoni.

Sasa mjomba wangu, anayeishi kwenye ile nyumba ya koko, ndiye aliyeniita. Wenye miti wametawanyika, wengine wameuza, wengine walihama na vita, na waliobaki walikubali ikatwe, nguzo zake zijengewe vibanda. Nilikuta visiki vitupu, vikiwa vimeanza kuchipua. Mjomba aliniuliza tufanyeje. Machipukizi yakiachwa yatakuwa nguzo tena, na nguzo zinatafutwa sana. Tukiving'oa visiki, pale patabaki wazi.

"Na mahali wazi, weye unajua," akasema. "Kesho utakuta mutu amesha jenga."

Nilijua. Ndiyo maana hatukupaacha wazi. Jumamosi tulichimba, mjomba, mimi na majirani wachache wanaomkumbuka koko, tukang'oa visiki hadi mikono ikachubuka. Kisha tukaleta matete kutoka chini ya bonde, penye tope bado, tukayapanda kuzunguka lile jiwe. Mama jirani mmoja alipita akasimama, akatushangaa. "Munapanda majani?" akauliza, na akaondoka akitikisa kichwa. Sikumlaumu. Matete hayamwambii mtu yeyote kwamba hapa pana mwenyewe. Kabla sijaondoka nikaitoa kata ya koko kwenye msumari, nikaitundika kwenye kijiti kipya, kando ya mahali palipokuwa na mwanzi.

Tangu nirudi Mambasa huwa nampigia mjomba simu, na kabla ya salamu nauliza matete yanaendeleaje. Baadhi yameshika, baadhi yamekufa. Juzi akaniambia kata imeibwa.

Nilicheka kwa sauti, nikapiga na kigelegele, majirani wakatoka kuangalia kuna nini. "Mjomba," nikamwambia, "basi watu wameanza kuja!"

"Hapana, mutoto wangu," akasema taratibu. "Mayi haiyarudi. Waliichukua tu sababu iko nzuri."

Nimepata kibuyu sokoni hapa. Nimekipasua, nimekianika juani, na gari la kwanza linalokwenda Bunia litakipeleka.